Kutembea mlimani pasipo njia: jibu kwa mwalimu wa Malindi

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Malindi, nina miaka 31. Nimefika Point Lenana kule Mlima Kenya mara mbili kwa njia ya Sirimon, na mara zote mbili nilijiona kama niliyepanga foleni. Mimi na wenzangu wawili tunataka mwakani tutembee siku nne au tano nje ya njia, tukilala kwenye mahema. Mwenzetu mmoja amepata mtandaoni mstari wa GPS, yaani njia iliyorekodiwa na simu, wa mtu aliyekatiza mabonde ya upande wa kaskazini, anasema tuupakue tuufuate. Mimi naona tukifanya hivyo tumerudi kwenye foleni ile ile, ila hii haionekani. Lakini kupotea pia nakuogopa. Je, mtu wa pwani anaweza kujifunza kujitafutia njia mlimani? Na tukifanikiwa, ni haki kuuweka mstari wetu mtandaoni ili wengine wafaidike?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma asubuhi barazani hapa Lamu, nikairudia baada ya adhuhuri, maana umeuliza jambo nililolibeba moyoni kwa miaka zaidi ya 30 ya kupandisha watu milimani. Jibu fupi nikupe mapema: mtu wa pwani anaweza, tena ana mwanzo mzuri kuliko anavyodhani. Mstari wa yule mtu uacheni. Na wenu mkiupata, msiutangaze. Jibu refu ndilo hili.

Nimezaliwa nyumba ya mabaharia. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua ya abiria na mizigo kati ya Lamu na Pate. Ukienda Pate kwa ndani unapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, ambao maji yakipwa hubaki tope na mashua haipiti. Nikiwa na miaka kumi hivi mjomba alinipa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, akanisimamisha gubetini, mbele ya chombo. Hakuwa akiniambia nielekeze wapi. Kila nilipouchoma upondo majini aliuliza swali moja tu: "Umegusa nini?" Mchanga huurudisha mti kwa mlio mkavu, kiganja kinausikia. Tope huushika, ukiuvuta unang'ang'ania, na ncha inatoka nyeusi ikinuka. Jiwe hugonga mpaka begani. Baada ya msimu mmoja nilikuwa nikifumba macho najua kama tuko katikati ya mkondo au tumeanza kuegemea fungu.

Siku niliyokosea tukapanda tope, hakunigombeza mbele ya abiria. Alikaa, akasema tusubiri maji yajae, kisha akauliza: "Mara ya mwisho kugusa mchanga ilikuwa wapi?" Nilipopanda milima miaka mingi baadaye nilijua kwamba hakuna aliyenifundisha kutafuta njia zaidi ya yeye, ambaye mlima hakuwahi kuuona.

Nanyi wa Malindi msijione wageni katika elimu hii. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika kwenu ana merikebu, mizinga na dira, lakini hana mtu wa kumvusha bahari hadi Hindi. Rubani aliyempata Malindi alimfikisha Kalikuti kwa muda usiofika mwezi. Wanahistoria wanabishana mpaka leo rubani yule alikuwa nani. Lisilobishaniwa ni kwamba njia ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu, na mtu yule aliipata kwa kuisoma bahari miaka na miaka.

Sasa tuuseme huo mstari wa GPS. Simuoni adui yeyote ndani ya simu. Mimi mwenyewe huenda nayo mlimani, ramani imepakuliwa, betri imejaa, nimeifunga ndani ya soksi ya sufi kwa kuwa baridi hula betri upesi. Lakini inakaa kwenye shanta. Mtu anayefuata mstari kwenye kioo hutazama kioo. Haoni kwamba bonde limegeuka, haoni wingu linapanda kutoka upande gani, hajui nyuma yake kunafananaje. Kioo kikizima, anajikuta amesimama mahali ambapo hajawahi kufika, ingawa miguu yake imetembea saa sita kufika hapo. Na hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kusema kwamba kujitafutia njia ni usalama kabla hata hakujawa raha: aliyeisoma ardhi akija anaweza kurudi.

Mazoezi yenyewe ni rahisi kuyaeleza, kazi iko katika kuyarudia. Taja kwanza, ndipo utazame. Kabla ya kufungua simu au kuuliza mwenzako, sema kwa sauti: "Tuko hapa, kwa sababu kilima kile kiko mkono wa kushoto, kijito tumekivuka robo saa iliyopita, na mwinuko umeanza kulala." Weka kidole kwenye ramani. Halafu hakikisha. Ukikosea, usipite hivi hivi. Tafuta ni alama ipi ilikudanganya. Nilimfundisha hivyo kijana mmoja wa Shela kwenye vilima vya mchanga nyuma ya kijiji chake. Siku ya kwanza alikosea kwa nusu kilomita, wiki ya tatu alikuwa akikosea kwa hatua za kuhesabika. Vilima vile ni shule nzuri kwa sababu vinafanana, tena upepo huvibadilisha. Ila kanyageni kwa adabu, muwe wachache, na majani yaliyoushika mchanga msiyang'oe: chini ya mchanga ule ndiko yaliko maji matamu ya Lamu.

Zoezi la pili ni kuhesabu hatua. Pima mita 100 ufukweni, tembea ukihesabu kila mguu wa kulia unapotua. Watu wazima wengi hupata kati ya 60 na 65. Kisha rudia kwenye mchanga laini, kwenye kupanda, ukiwa na shanta la kilo 15. Hesabu itabadilika sana, na ni lazima uijue yako, kwa kuwa kwenye ukungu namba hiyo na dira ndivyo utakavyobaki navyo.

Baada ya hapo nendeni Kasigau, si Mlima Kenya. Kutoka Malindi mnafika Voi, mji wa karibu nao, kwa siku moja, na mlima ule wa mita 1,641 unasimama peke yake kwenye nyika, vijiji vitano vimeuzunguka miguuni. Juu kuna msitu wenye ukungu ambamo huoni mita 30. Chukueni mwongozaji wa kijijini, mwambieni tangu mwanzo: "Wewe tufuate nyuma, tukikosea usituambie mpaka tuulize." Mtamwona anavyocheka, na mtajifunza kwa siku mbili mambo ya mwaka. Kisha vilima vya Taita, ambako Vuria inafika mita 2,208. Arabuko-Sokoke iko mlangoni kwenu, lakini ina tembo, na ni tambarare. Ni mahali pa kujifunza dira na hatua pamoja na mwongozaji wa msitu, kusoma mwinuko hakuko huko.

Kusoma mwinuko ndiyo lugha yenyewe ya mlima. Wewe ni mwalimu wa jiografia, kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, umewafundisha watoto darasani. Basi jifundishe upya kwa miguu. Pata ramani ya Survey of Kenya ya kipimo cha 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1. Usiku kabla ya kutembea, funika majina yote, tazama mistari tu, umweleze mwenzako kwa mdomo kile mtakachokiona kesho: "Tutapanda mgongo, mkono wa kulia utakatika ghafla, mbele kutakuwa na bega tambarare, halafu mwinuko wa mwisho." Asubuhi mtaona kama ramani ilisema hivyo au mliisikia vibaya. Karibu na Hall Tarns, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya, kuna mahali ambapo ardhi ni sawa kama uwanja wa mpira, kisha inakatika kwenye genge la zaidi ya mita 200, na Ziwa Michaelson liko chini kabisa. Kwenye karatasi, genge lile ni mistari michache iliyobanana kiasi cha ukucha mmoja. Asiyeweza kuuona ukucha ule asitembee pale kwenye ukungu.

Mlima Kenya una tabia yake. Ni volkano ya zamani, na mabonde yake yametawanyika kutoka vileleni kama mbavu za mwavuli. Juu, karibu na vilele, kutoka bonde moja hadi la pili ni mwendo wa saa moja. Ukiteremka, yanaachana. Ukikosea mgongo mmoja ukiwa juu, huku chini hutokei mita mia chache tu kando. Uliyetaka Sirimon unajikuta unaelekea upande wa Timau, na katikati kuna msitu wenye nyati. Kwa hiyo ukungu ukikukuta juu, usiteremke kwa kubahatisha. Na usidanganywe na ule usemi kwamba maji yatakupeleka kwa watu. Kijito cha Mlima Kenya hujitupa kwenye magenge na kuingia korongo, na upande wa kusini na mashariki kinakupeleka katikati ya mianzi ambayo hutaweza kuipenya. Kupanda kwa kufuata maji kuna nafuu, kwa kuwa ulikopita unakujua na unaweza kurudi.

Waliowahi kufanya hivyo na kusifika ni wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, mwaka 1943. Watatu walitoroka kambi ya Waingereza kule Nanyuki mwezi Januari, hawana ramani, wana picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Walifuata mto kupanda. Wawili, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, walifika Lenana, kisha wakarudi wote kambini kujisalimisha, siku 18 baada ya kutoroka. Nawaambia vijana wasiishike hadithi hii kwa ushujaa wake. Washike kwamba watu wale walikuwa wameutazama mlima miezi mingi kutoka nyuma ya seng'enge, wakijua wingu linakaa wapi saa ngapi na theluji inaanza wapi. Walipoondoka walikuwa wameshausoma.

Hiyo tabia ya wingu ni lazima muijue nanyi. Mara nyingi alfajiri mlima uko wazi kabisa, unaona hadi nyika. Kuanzia kama saa nne asubuhi mawingu yanapanda mabondeni, saa sita unaweza usimwone aliye mbele yako, jioni kunafunguka tena. Basi kazi yote ngumu ya kutafuta njia, kuvuka migongo, kuchagua pa kuteremkia, imalizeni kabla ya saa tano. Mchana uwe wa kutembea penye uhakika au wa kupiga hema. Na msiende masika wala vuli.

Jua nalo linahitaji tahadhari, maana mafunzo mengi ya kutembea nyikani yametoka Ulaya na Marekani. Yanasema jua la adhuhuri liko kusini daima, au ulinganishe na mshale wa saa ya mkononi. Kwetu hilo ni kosa. Mlima Kenya umekaa karibu juu ya ikweta. Adhuhuri jua liko utosini, na linahama na majira. Juni kivuli cha adhuhuri huanguka kusini, Disemba huanguka kaskazini, Machi na Septemba unakikanyaga mwenyewe. Linalofaa ni kuchomoza na kutua: mwishoni mwa Disemba linachomoza nyuzi 23 hivi kusini mwa mashariki halisi, mwishoni mwa Juni nyuzi 23 kaskazini mwake, na kwa kuwa linapanda karibu wima, hata saa tatu asubuhi bado linakuonyesha mashariki vizuri. Usiku zitafuteni zile nyota tatu zilizopangana za mkanda wa Orioni. Huchomoza mashariki halisi na kuzama magharibi halisi. Ukitoka hemani saa tisa usiku katikati ya Januari, utazikuta zimeinamia magharibi. Nyota ya kaskazini ambayo wenzetu wa Ulaya wanaitegemea sisi haitufai. Hapa Lamu iko chini ya upeo wa macho. Dira kwetu haina shida, tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi haifiki hata nyuzi 2.

Kuna mbinu moja ya mjomba niliyoikuta imeandikwa kwenye mafunzo ya Wazungu wa milimani, nikafurahi sana. Akirudi Lamu kutoka bahari kuu wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, hakuwa akilenga mlango wenyewe kati ya Shela na Manda. Alilenga makusudi upande wa kusini, kwenye weupe wa mchanga wa Shela. Alisema ukilenga mlango ukaukosa, hujui ugeukie wapi; ukiukosa kwa kupenda, unajua. Mlimani ni vivyo hivyo. Kama hema lenu liko penye makutano ya kijito na njia, msilenge makutano. Lengeni kijito, mita mia mbili juu yake, kisha mteremke nacho mpaka mfike.

Na sasa nikueleze kosa langu, kwa sababu nadhani ndilo litakalokukuta. Tulikuwa watatu, upande wa kaskazini wa vilele, tunakatiza kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukitembea hivyo vilele viko mkono wa kulia, kwa hiyo kila kijito sharti kikupite kikitoka kulia kwenda kushoto. Saa tano ukungu ukatufunika kwenye mgongo wenye vilima vidogo vidogo. Dira ilikuwa mfukoni. Nilijiona naijua ardhi. Tukateremka, tukafika kwenye kijito, nikakivuka. Maji yalikuwa yanatoka kushoto kwenda kulia. Niliyaona. Niliona hata jani likizunguka kwenye jiwe na kuelekea upande usiopaswa. Nikajiambia kijito kimejipinda. Tukatembea. Nyasi za kule huota kwa mafundo, kati ya fundo na fundo kuna tope, kila hatua ni kujitupa. Tukakuta mwamba mwekundu ambao ramani haikuwa nao, nikasema ramani ni ya zamani. Dakika 40 nilizitumia kuipinda dunia ilingane na fikra yangu. Kumbe tulikuwa tumezunguka kilima kimoja kwenye ukungu na tunarudi magharibi.

Kilichotuokoa ni kwamba mwenzangu mmoja aliuliza tu, bila kujua lolote, "Hivi lile jua la asubuhi lilikuwa nyuma yetu au mbele?" Nikasimama. Tukaketi chini ya ile mimea mikubwa ya senesio, yenye shina nene na kichwa kama kabichi, ambayo majani yake hujifunga usiku kama ngumi. Tukawasha jiko, tukanywa chai yenye sukari nyingi. Nikatoa dira. Kisha nikajiuliza swali la mjomba: mara ya mwisho kugusa mchanga ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye pengo la mgongo, kabla ya ukungu, mahali penye jiwe lililopasuka katikati. Tukarudi huko kwa nyayo zetu, saa moja na nusu, tukapiga hema saa tisa mchana na kulala pale pale. Mpango wa siku nilikuwa nimeuharibu, lakini hakuna aliyeumia.

Ndiyo maana nakuomba, ishara moja ikikataa kulingana, simama hapo hapo. Usingoje ya pili. Na kila nusu saa geuka utazame nyuma, maana mlima unaoteremka si ule uliopanda. Sura yake ya kurudi ni nyingine, na unatakiwa uwe umeiona angalau mara moja.

Muda upangeni kwa ukarimu. Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo kilomita 4 zenye kupanda mita 600 ni kama saa moja na dakika 50. Nje ya njia, juu ya mita 3,500, kwenye mafundo yale ya nyasi na shanta mgongoni, mimi huhesabu saa nne. Mkipanga zaidi ya kilomita 6 au 7 kwa siku mtaanza kukimbilia, na anayekimbilia haisomi ardhi.

Halafu hewa. Malindi ni usawa wa bahari, na miili yenu haijui mwinuko. Juu ya mita 3,000, mahali mnapolala leo pasizidi mlipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne mkae siku nzima. Kichwa kinachouma na kichefuchefu ni onyo la kutopanda zaidi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hata akiwa amelala, ateremshwe saa ile ile hata kama ni usiku. Nalitaja hili hapa kwa sababu hewa nyepesi huharibu uamuzi kabla haijaharibu miguu. Andikeni usiku, mkiwa mmetulia, mtageuka nyuma saa ngapi na kwa dalili zipi. Mchana mtii karatasi.

Sheria ni fupi. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hairuhusu mtu kuingia Mlima Kenya peke yake. Elezeni mpango wenu getini kwa ukweli, na chukueni mwongozaji anayekubali kutembea nyuma yenu. Kilimanjaro haifai kwa jambo hili. Huko ni njia zilizotengwa na mwongozaji mwenye leseni, basi. Na popote muendapo, "nje ya njia" msidhani ni pasipo na mwenyewe. Kuna wafugaji, kuna warina asali, kuna milima ambayo watu huelekea wakiomba. Salimieni, ombeni ruhusa.

Nimefika kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo lililonifanya nirudie barua. Unauliza kama ni haki kuuweka mstari wenu mtandaoni wengine wafaidike. Nia yako ni ya ukarimu, na sisi watu wa pwani mgeni hatumnyimi. Lakini angalia kinachotokea ardhini. Udongo wa juu ya mlima ni wa tope, na mimea yake hukua polepole mno. Watu wachache wakikanyaga mstari mmoja, nyasi zinakufa. Mvua ikija inakuta mfereji umeshachimbwa, inauongeza. Wanaokuja wanaukwepa tope kwa pembeni, mfereji unakuwa miwili, mitatu. Umepita njia ya Naro Moru? Lile eneo la kinamasi kinachopanda wima ni somo la kutosha la miguu mingi mahali laini. Kwa hiyo sisi tukitembea nje ya njia hatupangani kama siafu, tunatawanyika, kila mtu na nyayo zake, na penye mwamba tunakanyaga mwamba.

Tena mstari haubebi akili ya aliyeuchora. Wewe utakuwa umevuka kijito kile Februari, maji kwenye kifundo cha mguu. Atakayekuja nao Novemba ataona mstari umevuka, naye atavuka, maji yako kiunoni. Hutakuwepo kumwambia.

Sikilizeni wavuvi wetu wanavyofanya. Mvuvi wa Lamu ukimuuliza, atakwambia upepo utageuka lini, mkondo unavuta wapi, wapi kuna mwamba wa kutoboa ngalawa. Hayo hatakuficha, kwa kuwa ni roho ya mtu. Lakini lile jiwe lake la samaki changu hatalitangaza sokoni. Akikupenda atakuchukua siku moja, utakaa kimya, utatazama yeye anavyolinganisha mnazi na mnara, na baada ya hapo litakuwa lako kwa sababu macho yako yamelipata. Mimi sioni choyo hapo. Naona mtu anayejua kwamba jiwe likijulikana na wote litakwisha samaki, na kwamba mwanafunzi aliyeonyeshwa kila kitu hajifunzi kutazama.

Basi mkirudi, andikeni. Tajeni hatari bila kuficha hata moja: genge, mporomoko wa mawe, kijito kinachojaa, mahali mlipoona nyati. Tajeni wapi kuna maji na wapi hakuna, ilikuchukueni saa ngapi, mlikosea wapi na mliligunduaje kosa. Bonde mnaweza kulitaja kwa jina kama linajulikana. Mstari wenyewe, na pengo mlilolipata katika mgongo, waachieni wajao walitafute. Msijenge marundo ya mawe ya kuonyesha njia, msifunge utepe kwenye mmea wa lobelia. Mkikuta rundo lililowekwa na askari wa hifadhi msiliguse, kuna anayelitegemea. Na kama mlijenga lenu kwa ajili ya kurudi kwenye ukungu, libomoeni mkipita mara ya mwisho, kila jiwe lirudi upande wake wa ukoga juu.

Wapo watakaokulaumu, watasema unawanyima wasio na uzoefu. Waambie waje. Asiye na uzoefu humsaidii kwa kumpa uzi wa kuufuata hadi mahali asipoweza kujiokoa. Mchukue Kasigau, mpe ramani, tembea nyuma yake. Mimi katika maisha yangu sijamnyima mtu hilo hata mara moja, na wapo zaidi ya ishirini leo wanaotembea milima yetu wakijua walipo.

Likizo ya Agosti ukipata nafasi, panda basi uje Lamu. Njoo na hao wenzako, hasa huyo mwenye mstari, nataka kuongea naye, kijana anayetafuta kabla ya kwenda si mbaya. Leteni ramani ya 1:50,000 na penseli. Nitawaonyesha mabonde mawili ambayo sitaki mpite, na sababu yake. Asubuhi yake tutaingia Mkanda maji yakijaa, na upondo wa mjomba bado ninao. Mtausimamia gubetini kwa zamu.